Dhahabu ya kipimo cha malaria, ganda la yai na gunia la mahindi la Busia

Juzi jioni nilimpeleka mpwa wangu kwa kliniki moja ndogo hapa Kondele, Kisumu, juu alikuwa na homa tangu asubuhi, akadungwa kidole, tone la damu likawekwa kwa kile kiplastiki cheupe cha kupima malaria, matone kadhaa ya dawa juu yake, halafu tukakaa tukikiangalia kama watu wanaongoja penalti. Mstari mmoja ukatokea. Baadaye wa pili, hafifu hivi lakini upo. Haya, malaria, tukaandikiwa dawa tukarudi nyumbani, na mamangu akasema aliona vile damu ya mtoto ilivyochora ule mstari. Nikamwambia mama, ule wekundu si damu, ule wekundu ni dhahabu. Akaniangalia kama mtu ambaye amelewa saa moja jioni.

Lakini ni dhahabu kweli, ile ile ya pete. Vipimo vingi vya malaria, na vingi vya mimba pia, vinabeba chembe za dhahabu zenye upana wa kama nanomita 20 mpaka 40. Unywele wa kichwa ni kama nanomita 80,000, kwa hiyo ukipanga zile chembe za 40 moja baada ya nyingine utahitaji kama 2,000 ndio uvuke unywele mmoja. Na dhahabu ikishakuwa ndogo hivyo inaacha kuwa ya njano, ikielea kwenye maji inakuwa nyekundu kama divai ya misa.

Sababu yake si ngumu vile watu wanaifanya. Ndani ya chembe kuna elektroni zinazozurura, mwanga ukizigonga zinayumba zote pamoja, kama mashabiki wa Gor wakishika wimbo mmoja, na kuyumba huko kunakubali mwanga wa rangi fulani tu. Chembe ndogo ya dhahabu inameza ule wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520, kinachofika kwa jicho lako ni wekundu uliobaki. Fedha, namaanisha madini si pesa, inameza ya karibu 400 na ndio maana maji yake huwa ya manjano. Sasa utamu uko hapa: chembe zikisogeleana, mayumbo yao yanaingiliana, zinaanza kumeza rangi nyingine, na maji yaliyokuwa mekundu yanageuka zambarau halafu buluu ukiangalia hivi. Kwa hiyo ukipata ujanja wa kufanya kitu unachokitafuta, iwe zebaki kwa maji ama uchafu kwa maziwa, kiwe ndicho kinachozikusanya hizo chembe, tayari una kipimo cha kusoma kwa macho, bila stima. Mwaka 2008 kule China walipogundua maziwa ya watoto yametiwa melamini, ile kemikali ya kutengenezea plastiki, watoto karibu 300,000 wakaugua na sita wakafa, moja ya njia zilizofuata ilikuwa hii hii ya dhahabu nyekundu kugeuka buluu, juu melamini inazivuta chembe pamoja vizuri sana.

Na si sayansi ya jana. Michael Faraday alikuwa anaonyesha watu maji mekundu ya dhahabu huko London mwaka 1857. Kuna kikombe cha Warumi cha karne ya nne kiko British Museum, ukiweka taa nje yake ni cha kijani, ukiweka taa ndani kinawaka chekundu, na fundi aliyekitengeneza hakujua nano ni nini, alichanganya tu dhahabu na fedha kidogo kwa kioo kikatokea hivyo. Huyo kwangu ni jua kali kabisa.

Watu wa lebu kitu cha namna hii, kinachotambua kitu kwa rangi ama mwanga, wanakiita sensa ya optiki, lakini nikiandika sensa mtu atauliza kwani tunahesabiwa tena, kwa hiyo hapa nitasema kitambuzi.

Kilichonifanya nikae chini niandike ni lile wimbi la siku hizi la kuchanganya hizo chembe za madini na vitu vya asili. Maganda ya mayai, majani, maua, mabawa ya wadudu, karatasi ya mimea, unga wa mwani wa kale. Kila nikisoma habari ya hivi naona mwandishi amefurahi kwa sababu ile ile, eti ni rahisi, ni ya kienyeji, iko kila mahali, Afrika tuko nayo. Na mimi naona hiyo sababu imekaa upande. Urahisi wa bei ndio faida ndogo kuliko zote hapo, na ukijenga juu yake utaishia kuwa na mradi wa picha nzuri na ripoti.

Chembe zikiachwa kwa maji zina tabia mbaya, zinagandana siku ambayo zenyewe zimeamua. Zinataka mahali pa kukaa, na si mahali popote, zinataka uso wenye vijishimo na vinundu vya kiwango chao. Kuutengeneza uso kama huo kwa mashine kunahitaji chumba kisafi kuliko theta ya hospitali na vifaa vya bei ambayo kaunti zetu haziwezi hata kuiwazia. Asili imeshauchora bure. Chukua yai. Ukimenya yai boilo kuna ile ngozi nyeupe nyembamba chini ya ganda, ile inayokukasirisha ikikataa kutoka. Ile ni wavu wa nyuzi za protini zenye unene wa kama maikromita moja hivi, na protini hizo zina salfa, na salfa na dhahabu ni marafiki wa tangu zamani, zikikutana zinashikana. Weka ile ngozi kwenye maji ya chembe, iache, itoe, umepata kitambaa kilichovaa madini. Ua la waridi nalo, petali yake ukiiangalia kwa darubini kali ni kama shamba la vichuguu vilivyopangwa, na watafiti wamezitumia petali hizo kama jukwaa la chembe za fedha. Naivasha pale kila siku kuna waridi ambazo hazifiki kwenye ndege kwa sababu shina limepinda. Magugu maji ya ziwa letu, ambayo tangu miaka ya tisini yanatufungia bandari ya Kisumu yakitaka, ni selulosi tele, na vikundi vya hapa tayari vinatengeneza karatasi na kadi kutoka kwayo, na karatasi ni kitu kizuri sana kwa kitambuzi juu inanyonya tone la sampuli yenyewe bila pampu.

Vipepeo tuviache msituni Kakamega. Ndiyo, bawa la kipepeo lina uso wa ajabu, lakini nikianza kulisifia hapa kesho kutakuwa na mtu na wavu.

Ila mfalme wa hivi vitu kwa maoni yangu yuko Kariandusi. Ukitoka Nakuru ukienda Nairobi, karibu na ziwa Elementaita kabla ya Gilgil, kuna ardhi nyeupe kama mtu amemwaga unga wa ngano mlimani. Wengi tunapajua kwa safari ya shule, zile shoka za mawe ambazo Louis Leakey alizipata pale miaka ya 1920, mwalimu anaongea na nyinyi mnafikiria soda. Ule weupe wenyewe ni diatomaiti, maganda ya diatomu, vimwani vidogo vilivyoishi kwenye ziwa la kale vikafa vikashuka chini vikajipanga tabaka kwa tabaka. Kila ganda ni kama kioo, silika, na limetobolewa matundu kwa mpangilio ambao ukiuona utadhani ni kazi ya fundi wa kikoi. Matundu hayo ni ya saizi inayoongea na mwanga. Ukipanda chembe za fedha ama dhahabu juu yake, ganda lenyewe linasaidia kuushika mwanga karibu na chembe, kwa hiyo unapata nguvu mara mbili, ya madini na ya ganda.

Na tunaufanyia nini huo unga? Tunachimba, tunakausha, tunauza kwa watu wa kuchuja vinywaji na wa kutengeneza rangi, na wakulima wanauchanganya na mahindi ili wadudu wasile ghalani. Hakuna ubaya, ni biashara halali. Lakini huko Oregon State University Marekani wamechukua unga wa diatomaiti, wakautandaza kwa kioo, sampuli ya samaki ikapanda kwenye ule unga kama maji yanavyopanda kwa tishu, uchafu ukajitenga njiani, wakadondosha chembe za madini, wakamulika na leza, wakasoma histamini, ile sumu inayojaa kwa jodari aliyekaa vibaya. Zingatia hapo walitumia unga, vumbi lenye maganda mengine mazima na mengine yamevunjika, hakuna aliyechagua ganda moja moja kwa kibanio. Hiyo habari ya vumbi ishike, nitairudia.

Wacha kwanza nieleze hiyo leza juu ndiyo inawapa watu wazimu. Mwanga ukigonga molekuli, karibu wote unarudi vile ulivyokuja, lakini chembe moja ya mwanga kama kwa milioni kumi inarudi imebadilika rangi kidogo, na huo mbadiliko ni kama alama ya kidole ya hiyo molekuli. C. V. Raman wa India aliliona hilo mwaka 1928 akapata Nobel 1930. Shida ni kwamba moja kwa milioni kumi ni mnong'ono ndani ya stendi ya matatu. Halafu mwaka 1974 kule Southampton Uingereza, Martin Fleischmann na wenzake wakaweka sampuli kwa fedha iliyokwaruzwa na mnong'ono ukawa kelele, na baadaye wengine wakaelewa kwamba ni uso wa madini wenyewe unaokuza. Kati ya chembe mbili zinazokaribia kugusana kuna kijinafasi ambapo mwanga unajikusanya kwa ukali, na molekuli ikiingia hapo mlio wake unapanda mara milioni na zaidi. Ndio hapo mtu anakwambia kitambuzi chake kinaona molekuli moja. Inawezekana, si uongo. Lakini muulize kama kesho asubuhi kwa ganda lingine kitaona hiyo hiyo moja ama kitaona arobaini, halafu angalia vile anavyokohoa.

Binamu yangu alifanya kemia chuo kikuu, mradi wake ulikuwa kutengeneza chembe za fedha kwa majani ya chai. Inafanya kazi bwana, zile kemikali za chai zinazofanya ulimi ukauke zinageuza naitreti ya fedha kuwa chembe, unachemsha chai kama ya mgeni, unamimina, unaona rangi inabadilika hivi hivi, ni kitu kizuri kuangalia. Wiki ya kwanza alipata manjano safi. Wiki ya pili chai ya paketi ingine, akapata kahawia. Ya tatu alibeba majani mabichi kutoka Nandi Hills, shangazi yetu ana shamba huko, akapata kitu rangi ya maji ya mtaro. Msimamizi wake akamwambia aandike ile ya kwanza. Simlaumu sana msimamizi, mwisho wa muhula ulikuwa umefika, lakini mimi ile ya kahawia na ile ya mtaro ndizo nilitaka kusoma habari zake, manake hapo ndipo swali lote lilipo. Chai ya mvua si chai ya kiangazi. Yai la kuku wa kienyeji si la gredi. Asili haijawahi kutoa majani mawili sawa na haina mpango wa kuanza.

Ndio nasema: asili inakupa umbo bure halafu inakudai kwa upande wa usawa, na deni hilo linalipwa na mtu anayesoma kipimo. Kwa hivyo msimamo wangu ni rahisi, na najua kuna watu utawaudhi. Kazi ambayo kutofanana hakuiharibu, tuipe vitu vya asili: kuchuja, kunyonya, kutandaza, kushikilia. Kazi ambayo ndiyo namba yenyewe, yaani chembe za madini, saizi yao, wingi wao, hiyo tuifanye kwa njia ya kuchosha ya lebu. Ile njia ya Turkevich ya mwaka 1951, chumvi ya dhahabu imechemshwa na sitreti, haina hadithi ya bibi wala majani ya mti wa dawa, lakini ukiifuata sawasawa Jumatatu na Ijumaa zinakaribiana. Wale wa Oregon waliotumia vumbi walifaulu kwa sababu vumbi likiwa mamilioni ya maganda, kasoro za moja zinafunikwa na mengine, na kazi kubwa ya lile vumbi ilikuwa kutenga na kushikilia, haikubebeshwa hesabu yote.

Na hapo nizime moto mwingine mdogo. Kila mara mtu anasema, si tuna dhahabu Migori, na Kakamega walikuwa wanachimba tangu miaka ya 1930, basi tutengeneze wenyewe. Dhahabu siyo shida. Hata ukitumia mikrogramu kumi kwa kila kipimo, ambayo ni nyingi, gramu moja inakupa vipimo laki moja. Dhahabu ni kengele tu, inalia ikishtuliwa. Mbwa anayebweka mwizi akija ni ile kingamwili, yaani protini ya kukamata kitu kimoja tu, iliyobandikwa kwa chembe, inayoijua protini ya malaria ama inayoijua sumu ya mahindi na kuacha mengine yote. Kingamwili ndiyo ya bei, kwa wingi tunaiagiza nje, inataka baridi njia nzima, na ukiisahau kwa buti ya gari Ahero saa saba mchana umebaki na kengele bila mbwa. Na hata mbwa mzuri anabweka kwa harufu aliyofunzwa tu: vipimo vingi vya malaria vinatafuta protini moja ya kimelea, na kule Eritrea na Ethiopia kumepatikana vimelea visivyo na jeni ya hiyo protini, mtu anaumwa na mstari hautokei. Dhahabu haikukosea hapo, ni swali lilikuwa finyu.

Sasa tuje kwa mahindi, maana hapa ndipo ningetaka pesa iende.

Mnakumbuka 2004 kule Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa aflatoksini, ile sumu ya kuvu ya mahindi, na 125 wakafa. Mnakumbuka pia Machi 2021, serikali ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania juu ya sumu hiyo, na kama ulipita Busia mpakani wiki ile uliona malori. Siku chache baadaye wakalegeza kwa masharti, moja likiwa kila shehena ije na cheti cha kiwango. Kiwango cha Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Watu wanaisoma hiyo namba bila kuihisi, kwa hiyo tuifanye ya sokoni: gunia la kilo 90, kiwango kinakuruhusu mikrogramu 900 ya sumu, haijafika hata miligramu moja, ndani ya gunia zima. Kitambuzi cha chembe kinaweza kuiona hiyo, sina shaka, vipande vya karatasi vya namna ile ile ya malaria vya kupima aflatoksini vipo na vinauzwa. Kwa hiyo nani anatuzuia?

Gunia lenyewe. Ile sumu haikai sawa kama chumvi kwa ugali. Inakaa kwa punje chache zilizoshikwa na kuvu, punje moja yenye laana katikati ya maelfu safi. Jamaa anadunga bambo mara moja ubavuni, anatoa punje za kujaza kiganja, anasaga, anapima, kitambuzi chake kinasema safi na kinasema ukweli mtupu kuhusu hizo punje za kiganja. Hata ukinunua kitambuzi cha kuona molekuli moja, kosa kubwa limeshafanyika kabla hujakifungua kwa paketi. Ndio maana nikiona mtu anashindana kupunguza kiwango cha chini anachoweza kuona kutoka molekuli mia moja hadi moja, natamani angechukua huo muda aende Busia aulize wapakuzi wanadunga gunia mara ngapi na sehemu gani. Huo si utafiti wa jina kubwa. Haupigwi picha. Lakini unga wa diatomaiti hapo una kazi nzuri sana ambayo haina leza: saga sampuli kubwa, kilo kadhaa zilizokusanywa gunia mbalimbali, chuja lile tope kwa diatomaiti litoke maji safi, ndio uweke kwa kipande cha dhahabu. Uchafu wa unga ndio unaochanganya mistari, na kuchuja diatomaiti inajua, imekuwa ikichujia watu bia miaka yote hii.

Halafu msomaji wa rangi. Kila mtu anasema simu itasoma. Simu ya nani? Kamera ya Tecno yangu ikiona chakula inakiongezea rangi ionekane tamu, ikiona uso inaupaka poda, ikiona mstari wa zambarau chini ya mabati ya bluu itaamua kivyake ni rangi gani. Dawa yake ipo, unachapa viboksi vya rangi zinazojulikana kando ya mstari, simu ijirekebishe kwavyo, lakini ni lazima mtu avichape kwa wino uleule kila mara na ahakikishe jua halijazifubaza. Mizani ya sokoni inapigwa muhuri na watu wa vipimo, na mama wa viazi anajua akipatikana na mizani isiyo na muhuri ana kesi. Kitambuzi cha rangi kinapigwa muhuri na nani? Hilo swali nimeliuliza kwa mikutano miwili mitatu na kila mara linajibiwa na tabasamu na chai ya saa nne.

Kuna mahali pamoja tu ambapo ningekubali kitambuzi cha makadirio, cha ndio ama hapana, hata kikiwa cha ganda la yai. Migori, kwenye wachimbaji wadogo wanaoshika dhahabu kwa zebaki kwenye karai kwa mikono mitupu, halafu wanaichoma, mvuke uende hewani na maji yaende mtoni. Shirika la afya duniani linasema maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 6 za zebaki kwa lita. Chembe za fedha zikikutana na zebaki ya kwenye maji ile manjano yake inafifia, kwa hiyo karatasi ya manjano inayopauka ni lugha ambayo mtu yeyote anaielewa, hahitaji simu. Haitakwambia ni sita ama tisa. Lakini kwa mama anayechota maji chini ya mahali wanapooshea mchanga, kujua kisima hiki kimepausha karatasi na kile hakijaipausha ni habari ya kutosha kubadilisha njia asubuhi hiyo hiyo. Tena yeye amezoea kupima kwa rangi. Mama samaki wa Dunga anafungua matamvua ya mbuta, akiona mekundu ananunua, akiona kahawia anarudisha, na sijaona anabishana na mtu kuhusu nanomita.

Ile ya Raman na leza, na mimi siipingi, ikae kwa lebu ya kaunti ama chuoni Maseno, mahali pana stima na mtu wa kudumu. Sampuli zile ambazo karatasi imezishuku ndizo zipelekwe huko. Tusiibebe sokoni ati kwa sababu imekuwa ndogo ya kutoshea mkobani.

Nimalizie na maganda. Baada ya kusoma haya yote nikataka kujionea, hiyo ngozi ya yai inashika rangi kweli ama ni maneno ya watu wa majarida. Kuna kijana anauza mayai boilo na kachumbari jioni hapo stejini, nikamwomba awe ananiwekea maganda. Wiki mbili alinipa bure, akicheka, omera unataka kufuga nini wewe. Binamu akanipatia kichupa cha maji mekundu ya dhahabu kutoka kwa lebu anakofanya kazi, yale ya njia ya kuchosha, nikachovya ngozi kumi usiku mmoja kwa vikombe vya chai. Asubuhi sita zilikuwa za waridi, tatu hazikuwa na kitu, na moja ilikuwa zambarau sijui kwa nini, labda chumvi ya mayai ilizisogeza chembe pamoja. Nikarudi kumuuliza kijana kama anachemsha mayai kwa chumvi. Akasema inategemea na siku, wakati mwingine anaweka ili ganda likipasuka yai lisitoke. Halafu akaniuliza, kwani hii kitu inakulipa? Nikamwambia bado. Akasema sawa, lakini kuanzia Jumatatu mfuko wa maganda ni shilingi ishirini, na ukitaka yale hayajatiwa chumvi ni thelathini.